Baba, Mtoto na Baisikeli

Jumapili moja, Misa imekwisha na watu wanasalimiana chini ya mwembe, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando. Akasema: "Mwalimu, vijana wetu wa parokia wamepata mashine ya kuonyeshea senema ukutani. Wanataka kutuonyesha picha kila Jumapili jioni. Sasa wewe tupe majina. Lakini zisiwe za Mateso ya Bwana peke yake. Hizo watoto wameziona kila Kwaresima, hata wanajua askari yupi atainua mjeledi kwanza."

Nilicheka, lakini nikaona ana haki. Mwanawe mkubwa hutoka kila jioni kwenda kwenye kibanda cha video huko sokoni, na usiku anarudi ameshiba bunduki na mateke. "Kumkataza nimemkataza," aliniambia yule mzee, "lakini kukataza bila kumpa kitu kingine ni kumfunga mbuzi kamba mahali pasipo majani."

Basi nimekaa usiku mwingi nikitazama picha, mpaka mama wa nyumbani akaanza kuuliza kama nimeacha kazi ya shule. Nyingine niliziacha katikati. Zilizobaki ni tatu. Sikuzichagua kwa sababu ya baisikeli, jambo hilo nililiona baadaye: katika zote tatu yumo baba maskini, yumo mtoto wake wa kiume, na imo baisikeli.

Ya kwanza ni ya jirani zetu wa Malawi. Ilitoka mwaka 2019, nayo yaitwa The Boy Who Harnessed the Wind, yaani Kijana Aliyeutumikisha Upepo. Chiwetel Ejiofor ndiye aliyeiongoza, na yeye mwenyewe anacheza mahali pa baba. Mtoto anachezwa na Maxwell Simba, kijana wa Kenya. Habari yenyewe ni ya kweli. William Kamkwamba wa wilaya ya Kasungu alitolewa shuleni kwa kukosa karo wakati wa njaa kubwa ya mwaka 2001 na 2002. Akaingia maktaba, akakuta kitabu chenye picha za vinu vya upepo, akajisemea moyoni: hiki nami nitakitengeneza. Alikuwa na miaka 14.

Mwenye kulima mahindi hahitaji mkalimani kuifahamu picha hii. Ghala limekwisha, watu wamebaki na mlo mmoja kwa siku, na huyu mtoto anamwendea baba yake kuomba baisikeli ili aikatekate! Baba anakataa kwa hasira. Msimcheke. Baisikeli ile ndiyo mali iliyobaki nyumbani, na mtoto hana ushahidi wowote ila maneno ya kitabu. Mama ndiye anayesimama kati yao. Nadhani akina baba wengi watajiona humo, tena hawatafurahi.

Kasoro zake ni mbili. Katika picha kinu kinavuta maji na kuokoa shamba. Kwa kweli kinu cha kwanza cha William kiliwasha taa za nyumbani, na habari ya maji ilikuja baadaye. Wakubwa na wajue kwamba hapo imeongezwa chumvi. Tena jumbe wa kijiji anapigwa vibaya na watu wa serikali, na mbwa wa mtoto anakufa kwa njaa. Watoto wadogo sana watalia, bora wawe wamelala.

Ya pili inatoka mbali, katika nchi ya Uajemi, ndiyo Iran. Jina lake Watoto wa Mbinguni, ya mwaka 1997, na aliyeiongoza ni Majid Majidi. Ali amepeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, na akiwa njiani kurudi vinapotea. Nyumbani hakuna fedha, mama ni mgonjwa, kodi ya nyumba haijalipwa. Watoto wanapatana wasimwambie baba. Jozi moja ya raba za Ali itawatumikia wawili: Zahra ataivaa asubuhi, halafu atapiga mbio kumletea kaka yake aivae mchana. Hiyo ndiyo hadithi yote, na mimi niliitazama pumzi imenikaa kooni kuliko picha yoyote ya vita.

Najua mtu ataniuliza: kwa nini tuonyeshe picha ya Waislamu katika ukumbi wa parokia? Nitamjibu kwa habari ya sukari. Baba yao amepewa sukari ya msikiti aivunjevunje kwa ajili ya chai ya waumini. Mabonge yamejaa mbele yake. Binti yake anamletea chai isiyo na sukari, naye anamwambia akamletee ya nyumbani. Mtoto anashangaa, maana sukari si hii hapa? Baba anamwambia hiyo ni amana ya msikiti, si yao. Na mtu huyo kodi inamshinda! Mimi nimewahi kuwa mtunza fedha wa jumuiya, nikanyamaza kidogo nilipoiona.

Baisikeli nayo imo. Baba na Ali wanapanda kwenda mitaa ya matajiri kutafuta kazi ya bustani. Huko milangoni mtu huongea na kengele yenye sauti, na baba anababaika, hajui aseme nini. Mtoto ndiye anayesema badala yake. Wakirudi wana fedha mfukoni na furaha tele, breki zinakatika mlimani. Yanayofuata sisemi, wala habari ya mashindano ya mbio sitaigusa. Mtaiona wenyewe.

Sasa ya tatu, na hii ndiyo iliyotugombanisha na mzee wangu.

Ni ya Italia, ya mwaka 1948, haina rangi ila nyeusi na nyeupe. Kwa lugha yao ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baisikeli. Aliyeiongoza ni Vittorio De Sica, na mahali pa baba hakumweka mchezaji mashuhuri. Alimchukua mfanyakazi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani, na mtoto Enzo Staiola. Senema ilipotimiza miaka 100, mwaka 1995, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya picha 45 za kusifiwa. Hii ni mojawapo.

Vita imekwisha, Roma imejaa watu wasio na kazi. Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini ni lazima awe na baisikeli, na yake imewekwa rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayapeleka, na baisikeli inakombolewa. Siku ya kwanza tu ya kazi, Antonio yu juu ya ngazi, mwizi anairukia na kukimbia nayo. Tangu hapo baba na mwanawe Bruno wanazunguka mji mzima kuitafuta.

Nataka mwangalie jambo moja. Mwanzoni Maria anakwenda kwa mpiga ramli, na Antonio anamcheka kwa kupoteza fedha. Baadaye, alipochoka na kukata tamaa, nani anapanda ngazi zile zile, akamlipa yule mwanamke? Ni Antonio yule yule. Na anajibiwa nini? Ataiona mara moja, au hataiona kamwe! Jibu la namna hiyo hata mimi naweza kulitoa, tena bure. Wangapi kwetu humcheka mganga mchana, na shida ikibisha hodi huenda kwake usiku?

Kanisa nalo limo, wala halikupambwa. Mabibi wenye mali wanawapa maskini Misa na mchuzi, na milango inafungwa ili mtu asile kabla ya kusali. Mkristo itamchoma hapo. Mimi ilinichoma, na sikuona kwamba tumeonewa.

Hata mwisho, Antonio anaona baisikeli ya mtu imeegemezwa ukutani, hakuna mlinzi. Anampa Bruno nauli, anamwambia apande tramu aende zake. Kisha anaiiba. Anakamatwa papo hapo, watu wanampiga makofi, kofia inaanguka. Na Bruno hakuwahi tramu. Amesimama pale, ameona yote.

Nilipomweleza hivyo, mzee alikasirika. "Mwalimu, unataka mwanangu amwone baba akiiba? Kesho nikimwambia usiibe, atanijibu nini?"

Neno lake si dogo, na nililala nalo. Lakini tazameni vizuri. Kwenye kibanda cha sokoni mwizi anaiba mamilioni, ana miwani na gari, na watoto wanampigia makofi. Hapa mtu mwema anaiba kitu kimoja, na mtoto wake anaiokota kofia yake chini, anaipangusa vumbi, huku akilia. Mwenye baisikeli anamwangalia mtoto huyo, kisha anasema mwacheni aende. Kati ya wezi hao wawili, yupi atamfanya kijana wako aogope wizi? Tena Bruno hamwachi baba yake. Wanakwenda pamoja katikati ya umati, na mkono wa mtoto unaingia katika mkono wa baba. Sijui mahubiri ya amri ya nne yanayoipita picha hiyo.

Neno la kazi kwa vijana wenye mashine. Picha hizi ni za Kiitalia, Kiajemi, Kichewa na Kiingereza. Basi wekeni mtu mmoja wa kueleza kwa sauti, kama wafanyavyo vibandani, na kama wazee wanavyokumbuka magari ya senema ya zamani. Aitazame kwanza mara mbili. Asiongeze mizaha yake. Na Bruno anapoiokota kofia, anyamaze kabisa.

Yule mzee tulionana tena Jumatano kwenye mnada. Akaniambia amekubali, ila ya Italia ataiona kwanza peke yake, ndipo aamue. Nikamwambia asiione peke yake, akae na yule mwanawe wa kibandani. Hakunijibu. Aliniuliza tu picha yenyewe ina urefu gani, nikamwambia ni kama saa moja na nusu.