UFUNDI KWA WOTE: Antena Ina Majirani

Redio ya kusemeshana yaweza kuwa nzima. Betri yaweza kuwa imejaa. Msemaji naye anasema wazi. Hata hivyo mtu aliye mashariki anasikia vizuri, na aliye magharibi hasikii kitu. Kosa liko wapi? Mara nyingi halimo ndani ya redio. Liko nje, karibu na antena.

REDIO YA CB

Tuchukue mfano wa redio ya CB huko Marekani. Tangu mwaka 1958 raia wa kawaida wa nchi hiyo wameruhusiwa kusemeshana kwa redio kwenye masafa ya megahezi 27. Tangu mwaka 1977 wana chaneli 40. Chaneli ya 9 imetengwa kwa ajili ya dharura na kuwasaidia wasafiri. Madereva wa malori hutumia redio hizi. Wakulima nao huzitumia: redio moja hukaa nyumbani, nyingine hukaa kwenye trekta shambani.

Kwa utumaji wa kawaida wa AM, sheria yao inaruhusu wati 4 tu. Nguvu hiyo ni ndogo. Trekta likipinduka mbali na nyumba, wito wa msaada lazima ufike. Kwa hiyo ni lazima kujua wati hizo 4 zinakwenda upande gani.

MFANO WA CHEMLI

Washa taa ya chemli, uiweke katikati ya chumba. Mwanga utakwenda pande zote. Sasa weka kioo nyuma yake. Mbele mwanga utazidi, na nyuma ya kioo patakuwa giza. Taa haikubadilika. Jirani yake ndiye aliyebadilisha mwanga.

Antena iliyosimama wima peke yake hutuma mawimbi pande zote sawasawa, kama chemli. Ukisimamisha chuma kingine karibu, mawimbi hukipiga chuma hicho. Umeme mdogo huanza kupanda na kushuka ndani yake. Chuma hicho nacho hutoa mawimbi yake, ingawa hakikufungwa waya wowote wa redio. Upande ambao mawimbi ya vyuma viwili yanasaidiana, sauti huongezeka. Upande ambao yanapingana, sauti hupungua.

Mwaka 1926, huko Sendai nchini Japani, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walieleza antena iliyotengenezwa kwa kutumia jambo hili. Antena yao ina fimbo moja iliyofungwa waya, na nyingine zisizo na waya. Fimbo ndefu kidogo kuliko ile ya waya huwekwa nyuma, nayo hurudisha mawimbi mbele. Fimbo fupi kidogo huwekwa mbele, nayo huyavuta mawimbi upande wake. Antena ya televisheni yenye umbo la mifupa ya samaki imetokana na kazi yao.

Basi, fundi akipanga vyuma kwa vipimo, anapata faida. Vyuma vikijipanga vyenyewe, anapata hasara.

TUFANYE HESABU

Gawanya 300 kwa megahezi za redio. Utapata urefu wa wimbi kwa meta. Kwa CB, 300 ukigawanya kwa 27 ni karibu meta 11. Nusu yake ni meta 5 na nusu. Robo yake ni karibu meta 2 na robo tatu.

Chuma cha wima chenye urefu wa karibu nusu wimbi ni jirani msumbufu. Chuma cha robo wimbi kilichosimama ardhini ni msumbufu pia. Kikiwa umbali wa meta 2 au 3 tu, kitapinda sana njia ya mawimbi. Mlingoti wa bendera, bomba la kushikilia antena ya televisheni na waya za kuvuta mlingoti vyote vinaweza kuwa jirani wa namna hiyo. Waya uliolala, kama kamba ya chuma ya kuanikia nguo, huisumbua kidogo antena iliyo wima.

Jambo hili huharibu kusikia pia. Upande usiokusikia, nawe huusikii vizuri.

LA KUFANYA

1. Weka antena juu kabisa ya mlingoti. Usiifunge ubavuni mwa mlingoti wa chuma.
2. Iweke mbali na vyuma vya wima. Meta 11 ni nzuri. Meta 22 ni bora zaidi.
3. Zikate waya za kuvuta mlingoti vipande vifupi, uziunge kwa vikombe vya kauri visivyopitisha umeme. Au tumia kamba ya nailoni.
4. Jaribu. Weka wasikilizaji wanne, kila upande mmoja, kwa umbali ulio sawa. Andika kila mmoja anavyosikia. Sogeza chuma kimoja tu, kisha jaribu tena.
5. Usitegemee mita pekee. Mita huonyesha kama antena inaipokea nguvu ya redio. Haionyeshi nguvu hiyo inaelekea wapi.

HADHARI: Usisimamishe mlingoti karibu na nyaya za umeme. Uwe mbali kiasi kwamba hata ukianguka hautazifikia. Wengi wamekufa kwa kosa hili. Na kabla ya kutumia redio yoyote ya kutuma sauti, pata kwanza kibali cha mamlaka ya mawasiliano.

Hesabu hii ni ya redio zote za kusemeshana, iwe ya zahanati au ya askari wa wanyamapori. Badilisha megahezi tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini chuma kisicho na waya wa redio huweza kubadilisha njia ya mawimbi?
2. Redio inatumia megahezi 150. Wimbi lake lina urefu wa meta ngapi?
3. Tazameni paa lenye antena karibu nanyi. Majirani wake ni vyuma gani?