Tairi Jipya Lisilo Jipya

Mwaka 2022 nilinunua tairi la nyuma la pikipiki yangu, saizi 3.00-17, katika duka moja la spea. Lilikuwa limefungwa nailoni, lina vile vinyweleo vya mpira vinavyoonyesha kuwa halijawahi kugusa barabara, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya maduka ya jirani. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Masika yalipoanza, kila nilipokamata breki kwenye lami iliyolowa, gurudumu la nyuma lilikimbilia pembeni kana kwamba limekanyaga sabuni. Siku ya tatu likaniangusha. Niliinuka nikiwa na goti lililochunika, na kama kungekuwa na lori nyuma yangu, makala haya yasingeandikwa.

Fundi wangu hakuuliza maswali mengi. Alifuta matope ubavuni mwa tairi, akanionyesha tarakimu nne: 3213. Akaniambia, "Kaka, hili lilitoka kiwandani Agosti mwaka 2013. Umenunua mzee."

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba neno "jipya" linatudanganya. Sisi wanunuzi tunaita jipya kitu chochote ambacho hakijatumika. Lakini tairi huanza kuzeeka siku linapotoka kiwandani, liwe barabarani au liwe limening'inizwa dukani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kila kilichoundwa kina siku yake ya kuundwa. Hatununui dawa bila kutazama tarehe. Mkate tunaugeuza, maziwa tunayasoma. Kwa nini basi kitu kinachobeba roho zetu barabarani tukinunue kwa kutazama weusi wake tu?

Kuisoma tarehe hiyo hakuhitaji elimu ya chuo. Tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne, ambazo mara nyingi zimezungushiwa umbo la yai, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1523, tairi hilo ni la wiki ya 15 ya mwaka 2023, yaani Aprili. Kama hazionekani upande mmoja, geuza tairi, kwani matairi mengi yameandikwa upande mmoja tu. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, ondoka: hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000.

Mpira huzeeka kwa sababu ya hewa, jua na joto. Oksijeni na ozoni huushambulia kidogo kidogo, mafuta yanayoulainisha hupungua, nao hukakamaa. Viwanda huchanganya humo nta na dawa za kuukinga, lakini kinga hiyo hupanda juu ya ngozi ya tairi vizuri zaidi tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Tairi lililotundikwa mlangoni mwa duka, likipigwa na jua la saa saba kila siku, linazeeka bila kufanya kazi. Mpira uliokakamaa haushiki lami, hasa lami yenye maji. Baadaye huja nyufa nyembamba ubavuni na ndani ya mifereji. Na tahadhari, ndugu yangu, na tairi lililopakwa dawa ya kung'arisha: weusi unaometa unaweza kufunika nyufa hizo.

Mwenye gari ana magurudumu manne. Moja likiteleza, matatu humsaidia. Mwenye pikipiki ana mawili, na kila moja hugusa ardhi kwa eneo lisilozidi kiganja cha mkono. Kwenye kona pikipiki hulala, na uzito wote wa dereva, abiria na mzigo hutegemea viganja hivyo viwili. Gurudumu la mbele likiteleza hapo, ni ardhi tu inayokupokea.

Wako watakaosema mifereji ikiwa mizima inatosha. Wakumbuke yaliyotokea Surrey, Uingereza, mwaka 2012, basi lilipopasuka tairi la mbele na watu watatu wakafa. Tairi hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, mkubwa kuliko hata wa basi lenyewe. Kuanzia Februari 1, 2021, nchi hiyo imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori. Sheria ilikuja baada ya makaburi.

Dereva wa bodaboda atanijibu: "Mimi namaliza tairi kwa miezi michache, umri unanihusu nini?" Unakuhusu tangu siku ya kwanza. Tairi lililokakamaa dukani litateleza likiwa na mifereji yake yote, na miezi hiyo michache inatosha kukuvunja mguu. Naye mwalimu au bwana shamba anayepanda pikipiki mara mbili kwa wiki, tairi lake litazeeka kabla ya kuisha. Huyo asisubiri kipara, asome tarehe.

Sisemi kila tairi la mwaka jana ni bovu. Lililohifadhiwa ndani, mbali na jua na joto, huchelewa kuzeeka, na la mwaka mmoja au miwili halina neno. Michelin hushauri tairi likifikisha miaka mitano katika matumizi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa libadilishwe hata kama linaonekana zima. Mimi dukani ninajiwekea mpaka: likizidi miaka mitatu, silinunui, hata wapunguze bei kiasi gani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wenye maduka, toeni kwanza ya zamani yangali machanga, na yaliyopitiliza msiyape sura ya ujana. Wenye pikipiki mnaopokea hesabu kila jioni, msimnunulie kijana wa watu tairi la bei ya chini kisha mkamtegemea alete riziki. Nalo Shirika la Viwango Tanzania lielekeze wakaguzi wake wazisome tarakimu hizo madukani.

Nawe ndugu msomaji, kesho ukisimama mbele ya muuzaji, usione haya. Inama, geuza tairi, tafuta tarakimu nne, uzisome kwa sauti. Asipokuruhusu, mpe mgongo, nenda duka jingine. Kusoma kwenyewe hakuchukui hata dakika moja.