Risala ya Mashabiki kwa Uongozi wa NBA Kuhusu Wachezaji Wakongwe

Mheshimiwa Kamishna Adam Silver, waheshimiwa wamiliki wa timu, na viongozi wa chama cha wachezaji,

Sisi mashabiki wa Afrika Mashariki, tunaoamka saa tisa usiku kutazama mechi zenu, tunaleta mbele yenu jambo linalotuuma: namna mchezaji mkongwe anavyoondolewa pale timu inapoamua kujijenga upya.

Hatupingi timu kujijenga upya. Kikosi kikichoka lazima kivunjwe. Tunachopinga ni mkongwe kukosa kauli katika safari yake mwenyewe.

Paul Pierce aliingia Boston Celtics mwaka 1998. Septemba 2000 alichomwa visu mara 11, na msimu uliofuata akacheza mechi zote 82. Mwaka 2008 aliwapa ubingwa, naye akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Kiangazi cha 2013, baada ya misimu 15, alipelekwa Brooklyn Nets pamoja na Kevin Garnett na Jason Terry. Boston wakapokea wachezaji kadhaa na nafasi za kuchagua chipukizi wa miaka ya mbele. Katika dili hilo hilo Keith Bogans alisainishwa mkataba mnono ili tu hesabu za mishahara zilingane. Hivyo ndivyo binadamu wanavyohesabiwa katika dili kama hilo.

Boston walivuna. Nafasi zile ziliwafikisha kwa Jaylen Brown na Jayson Tatum, na kwa ubingwa wa 2024, na tunawapongeza kwa dhati. Lakini tazameni tofauti hii. Mkataba wa Garnett ulikuwa na kifungu cha kukataa kuhamishwa, kwa hiyo ilibidi aombwe, naye akaridhia. Pierce, aliyeitumikia Boston muda mrefu kuliko yeye, hakuwa nacho, na kwa kanuni zenu ridhaa yake haikuhitajika. Julai 2017 alisaini mkataba wa siku moja ili astaafu akiwa mchezaji wa Celtics. Siku moja, kwa mtu aliyewapa miaka 15!

Kanuni zinaruhusu kifungu hicho kwa mchezaji mwenye misimu 8 kwenye ligi na 4 katika timu inayompa mkataba, lakini mpaka timu yenyewe ikubali, na waliokubaliwa ni wachache mno. Bradley Beal alikuwa mmoja wao. Mwaka 2023 Washington Wizards walipoamua kuanza upya, alikwenda Phoenix Suns kwa ridhaa yake. Ni kweli Wizards walipata kidogo kuliko ambavyo wangepata sokoni. Hiyo ni gharama ya haki, na timu zenye utajiri wenu zinaweza kuibeba.

Kwa hiyo tunadai kwamba mchezaji aliyetimiza misimu 10 mfululizo katika timu moja awe na haki ya kuridhia au kukataa kuhamishwa, iandikwe kwenye makubaliano ya pamoja kati ya ligi na wachezaji, asilazimike kuinunua kwa kupunguza mshahara wake. Tunadai pia aambiwe ana kwa ana na uongozi kabla ya habari kufika kwa waandishi, na familia yenye watoto shuleni ipewe msaada wa kuhama.

Viongozi wa chama cha wachezaji, hili tunaliweka mikononi mwenu kwanza. Lipelekeni mezani makubaliano yatakapojadiliwa tena, na msikubali kulibadilisha kwa nyongeza ya mishahara ya nyota wachache.

Tunawasilisha.