Chungu, Ndoo na Shoka

Wakristo wengi tukiifungua Kurani tunaifungua kama askari anayepekua mzigo. Tunatafuta aya ya kumbana Mwislamu. Tangu mihadhara ya dini ilipopamba moto katika miji yetu miaka ya 1980, tumezoea kuona meza, kipaza sauti, vitabu viwili na umati unaoshangilia kama uko uwanjani. Wapo wahubiri, wa kwetu na wa kwao, wanaojua kitabu cha wenzao kuliko chao. Njia hiyo imetuchosha, na tena imetunyima kitu.

Tabia hiyo si ya leo. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ni kazi ya Godfrey Dale, padre wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na aliijaza maelezo ya kumsaidia Mkristo kujibu hoja. Tunamshukuru kwa jasho lake. Lakini anayesoma ili ajibu hasikii anapoambiwa yeye.

Chukueni sura ya 107, Al-Maun. Ina aya 7 tu. Watoto wa jirani zetu huikariri madrasa wakiwa wadogo kabisa. Inaanza kwa swali: je, umemwona mtu anayekadhibisha hukumu? Sisi tungejibu haraka kwamba huyo ni mpagani, au mlevi wa kilabuni asiyekanyaga ibadani. Sura haijibu hivyo. Inamwonyesha mtu anayemsukuma yatima, asiyehimiza maskini apewe chakula. Haielezi mtu huyo anakiri nini kwa kinywa. Inatazama mikono yake.

Hapo tunyamaze kidogo, washarika. Ni misiba mingapi tumehudhuria ambapo turubai halijashushwa na tayari ndugu wa marehemu wanaulizia hati ya nyumba? Wanaouliza ni watu wetu, waliobatizwa na kupata kipaimara, na wengine wanaimba kwaya. Mjane anaondoka na watoto na magodoro mawili, na sisi wachungaji, tuliosoma wasifu na kutoa baraka, tunasema hayo ni mambo ya ukoo. Tumeogopa ukoo kuliko tulivyomwogopa Mungu wa yatima.

Kisha sura inageuka ghafla: ole wao wanaosali! Wafasiri wa Kiislamu wamelitazama neno hili kwa makini. Wanasema anayelaumiwa si yule ambaye mawazo yake yamepotea katikati ya sala, maana hilo humpata kila mtu, bali ni yule aliyeghafilika na sala yenyewe, anayesali ili aonekane. Amosi na Isaya wangeitambua sauti hii. Bwana wetu naye, katika Mathayo 6, aliwasema waliosimama kwenye pembe za njia ili watu wawaone.

Nasi tuna pembe zetu. Majina ya waliotoa ahadi husomwa kwa kipaza sauti kuanzia kiasi kikubwa kushuka chini, na wa chini kabisa husomewa harakaharaka. Kwenye mnada baada ya ibada, jogoo hununuliwa kwa bei ya mbuzi huku simu zikipiga picha, na bibi aliyemleta jogoo huyo anarudi nyumbani kwa miguu. Mnada si dhambi. Umejenga makanisa mengi. Ila tusijifanye hatujui baadhi yetu tunanunua nini pale.

Neno la mwisho, lililoipa sura jina lake, ndilo linalotugusa zaidi. Wako wafasiri wanaosema maun ni zaka. Wengine, wa tangu karne za kwanza, wanataja vitu vya kuazimana: chungu, ndoo, shoka. Yaani sura iliyoanza na hukumu ya mwisho inamalizikia mlangoni, jirani amesimama anaomba sufuria. Mtu aweza kumaliza sala zake zote akashindwa hapo.

Tunajua watakachosema baadhi ya wenzetu: sisi Walutheri tunahesabiwa haki kwa imani, mambo ya matendo tuwaachie wao. Huo si Ulutheri, ni uvivu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 6, linasema imani hiyo haina budi kuzaa matunda mema. Mwaka huohuo Luther aliandika dibaji ya kitabu kuhusu dini na desturi za Waturuki, na ndani yake akakiri kwamba kwa kiasi na nidhamu ya nje waliwapita Wakristo wa siku zake. Luther hakuwa rafiki wa Uislamu. Alioyaandika dhidi yake ni makali kuliko ambavyo sisi tungethubutu. Lakini baraza la mji wa Basel lilipozuia Kurani ya Kilatini isichapishwe, aliliandikia mwaka 1542 akitaka iachiliwe, watu waisome wajue wanachokipinga.

Hatusemi vitabu hivi viwili ni kimoja. Kurani inakana kwamba Yesu alisulubiwa, na sisi bila msalaba hatuna Injili. Hilo hatuliuzi kwa ajili ya amani ya mtaa. Lakini mtu aliyefunguliwa deni lake msalabani, kisha akamfungia yatima mlango, anaukana msalaba huo bila kuhitaji kipaza sauti.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa kanisa jambo moja. Kikao kijacho kisianze na daftari la ujenzi wala la mnada. Tuanze na daftari la diakonia, tusome jina kwa jina wajane na yatima wa usharika wetu, na tuulizane nani kati yao bado anaishi katika nyumba aliyoachiwa.