Paris walifungua uwanja kwa wote, Musoma tunangoja nini?

NDUGU msomaji, ukitaja tenisi hapa Mukendo watu watakuuliza kama umeshiba sana siku hizi. Ni kweli, huo ni mchezo wa wenye nazo. Mlalahoi wa Musoma anahangaika na bei ya unga na nauli. Ana nini na raketi? Lakini vuta subira. Yako mashindano ya tenisi yaliyokufa mwaka 1923, na kifo chake kinatuhusu sisi kuliko wakubwa wangependa tujue.

Yaliitwa Mashindano ya Dunia ya Viwanja Vigumu. Usibabaishwe na jina. Enzi hizo kiwanja kisicho cha nyasi kiliitwa kigumu, na hivyo vya Paris vilikuwa vya udongo. Udongo una tabia yake. Mpira ukidunda hapo hupungua kasi na kupanda juu, kwa hiyo mwenye nguvu hamalizi kazi kwa pigo moja. Anashinda mwenye pumzi na akili.

Mashindano yalianza mwaka 1912 kwenye viwanja vya klabu ya Stade Français, huko Saint-Cloud, nje kidogo ya Paris. Bingwa wa kwanza alikuwa Mjerumani, Otto Froitzheim. Mwaka 1913 na 1914 akatamba Anthony Wilding wa New Zealand. Mwaka huo wa 1914, wakati bendera ya Mjerumani ikipepea bado katika nchi yetu, binti wa Kifaransa wa miaka 15 tu, Suzanne Lenglen, alitwaa ubingwa wa wanawake.

Kisha vita ikaingia. Froitzheim alikamatwa na Waingereza akiwa melini anarudi kutoka Marekani. Wilding aliuawa vitani Ufaransa, Mei 1915. Mashindano yakalala miaka mitano, yakaamka mwaka 1920. Mwaka 1921 Mmarekani Bill Tilden akaja Paris akabeba ubingwa. Mwaka 1922 yakapelekwa Brussels, mwaka 1923 yakarudi Paris, akashinda Mmarekani mwingine, Bill Johnston. Hapo ndipo yalipozikwa.

Nani aliyaua? Si vita, maana yalishafufuka. Yaliuawa na ukiritimba wa vyeo. Shirikisho la tenisi la kimataifa lilipoundwa Paris mwezi Machi 1913, Waingereza walikabidhiwa haki ya kuandaa mashindano ya dunia ya viwanja vya nyasi, tena milele. Neno hilo "milele" sisi tunalifahamu vizuri. Wamarekani wakakataa. Wakasema hakuna nchi yenye hatimiliki ya dunia, wakabaki nje ya shirikisho kwa miaka kumi. Sharti lao la kuingia likawa moja kubwa: vyeo vya "dunia" vifutwe. Mwaka 1923 vikafutwa vyote vitatu, cha nyasi, cha udongo na cha viwanja vya ndani. Badala yake mashindano ya nchi nne, yaani Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia, yakapewa hadhi sawa.

Sasa sikiliza walichofanya Wafaransa, maana funzo liko hapo. Walikuwa na mashindano yao ya taifa tangu mwaka 1891, lakini mlango ulikuwa na komeo: wanachama wa klabu za Ufaransa peke yao. Huna uanachama, huchezi, hata uwe hodari namna gani. Bingwa wa kwanza kabisa, H. Briggs, alikuwa Mwingereza, akaruhusiwa kwa kuwa alikuwa mwanachama wa klabu ya Paris. Unaona, ndugu msomaji? Haikuwa habari ya uzalendo. Ilikuwa habari ya kadi.

Mashindano ya dunia yalipokufa, Wafaransa wangeweza kujifungia na kadi zao. Badala yake, mwaka 1925 walifungua mlango kwa wachezaji wa mataifa yote. Waoga huwa na wimbo mmoja siku kama hizo, kwamba wageni watatumaliza. Matokeo yake? Kuanzia mwaka 1925 hadi 1932, miaka minane mfululizo, ubingwa wa wanaume ulibaki kwa Wafaransa wenyewe: Lacoste, Cochet na Borotra. Kwa wanawake, Lenglen alishinda 1925 na 1926. Mlango ulipofunguliwa mwenye nyumba hakufukuzwa. Alinolewa.

Hawakuishia hapo. Taifa lilipohitaji uwanja mkubwa wa kutetea Kombe la Davis mwaka 1928, klabu ile ile ya Stade Français iliachia eneo lake la Porte d'Auteuil. Sharti lake lilikuwa uwanja upewe jina la Roland Garros, rubani aliyekufa vitani mwaka 1918. Leo hayo ndiyo mashindano makubwa kuliko yote duniani ya viwanja vya udongo. Klabu haikufa kwa kuachia ardhi.

Turudi nyumbani. Nchi hii ilikuwa na chama kimoja tu kisheria tangu mwaka 1965. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, na mwaka 1995 tukapiga kura ya kwanza ya mageuzi. Lakini viwanja vya michezo vya enzi ya chama kimoja, wakati kila raia alihesabiwa yumo ndani na akachangishwa kama yumo ndani, vilibaki mikononi mwa chama hicho hicho. Kirumba pale Mwanza, Kambarage Shinyanga, Sokoine Mbeya, na Karume hapa hapa Musoma. Biashara United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018 na mkoa mzima wa Mara ukajawa na furaha, timu ya wananchi ilichezea uwanja wa chama.

Watasema hakuna anayezuiwa kuingia Karume, lipa kiingilio ukae. Hiyo si hoja. Mpangaji naye hulala ndani ya nyumba, lakini siku mwenye nyumba akikohoa, mpangaji anafungasha. Watasema chama ndicho kinachotunza. Vizuri, basi mapato na matumizi yabandikwe ukutani, watu wa Mukendo, Bunda na Butiama wasome wenyewe. Watasema ni mali halali ya chama. Tunauliza: mchango wa mtu ambaye hakuwa na chama kingine cha kujiunga nacho ulikuwa mchango wa chama au wa nchi?

Hatudai viwanja wapewe wapinzani. Chama chochote kikipewa uwanja kitakuwa na ugonjwa ule ule. Tunadai vikabidhiwe halmashauri, hesabu zake zisomwe kwenye baraza la madiwani, na mtoto wa mvuvi acheze pale bila kuuliza babake ana kadi ya rangi gani.

Wafaransa waliona mashindano yakifa kwa sababu wakubwa waligombea kumiliki kisichomilikika. Wakajifunza, wakatoa komeo. Chama kinachojiamini kina hofu gani na uwanja wa wote?