Siku ya Lugha za Ishara: kesho yake kiziwi anaongea na nani?

Kwenye sherehe ya viziwi, hotuba ikiisha hausikii makofi. Watu wanainua mikono juu na kuitikisa. Ndiyo makofi yao. Ni hivyo wanavyosherehekea tarehe 23 mwezi wa tisa, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara, ambayo Umoja wa Mataifa uliikubali mwaka wa 2017.

Wengi wanafikiri ishara ni kuchezesha mikono tu. Hapana. Ni lugha yenye kanuni zake, tena ina historia. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi Ghana 1957, kisha zingine katika inchi nyingi za Afrika, hata hapa Kongo. Alikufa 1987 kwa ajali ya ndege Rwanda. Ndiyo maana ishara za viziwi wengi wa kwetu ziko karibu na za Marekani kuliko za Ufaransa, hata kama ubaoni shuleni wanaandika Kifaransa.

Siku ya sherehe mtafsiri yuko, na wakubwa wanapiga naye picha. Lakini mama kiziwi akienda kuzaa kesho yake, pengine ni mtoto wake ndiye anamweleza muganga siri za mwili wa mama. Na huku mashariki kuna jambo zito zaidi. Risasi zikilia usiku, jirani anakimbia sababu amesikia. Kiziwi anashtuka akikuta nyumba za pembeni ziko tupu. Kwenye bariere, askari akipaza sauti "simama!" na mtu anaendelea kutembea, anaweza kudhaniwa adui. Habari za usalama nazo zinapitia redio, chombo ambacho kwa kiziwi ni sanduku tu. Lazima redio zenyewe ziseme hilo wazi.

Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Ni hatua. Ila Katiba, kifungu cha kwanza, inataja Kifaransa, kisha Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Lugha ya ishara haimo. Afrika Kusini iliifanya lugha rasmi ya 12 mwaka wa 2023.

Katiba inaweza kuchukua muda. Lakini askari wa bariere kujifunza ishara kumi, ao tangazo la hatari kutumwa pia kwa mesaji ya telefone, havingoji bunge. Na kila avenyu inaweza kupanga leo ni jirani gani atakayemgusa kiziwi bega kabla ya kukimbia.