Shanga za Unyanyembe hazikuwa upumbavu

Liko somo moja ambalo limekaririwa katika madarasa mengi kwa miaka mingi, nalo ni lile lisemalo kwamba wazee wa bara waliuza pembe za ndovu kwa shanga na vitambaa kwa sababu hawakujua thamani ya mali. Mwalimu hulitamka bila nia mbaya, wanafunzi hucheka, na kicheko hicho huwafuata hadi utu uzima. Aliyecheka darasani huja kuwa ofisa, pengine akaketi Tabora penyewe, juu ya ardhi ile ile ya Unyanyembe ambako biashara hiyo ilifanyika, huku akiamini kwamba babu zake walidanganywa kama watoto. Kumbukumbu za njia ya misafara zasema mambo mengine kabisa.

Kosa la somo hilo huanzia katika kutojua fedha ni kitu gani. Na ili jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la Afrika peke yake, yafaa mfano wa kwanza utoke mbali. Mwanzoni mwa karne ya nne, Konstantino, mfalme wa Rumi, alianza kupiga sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidusi, ambayo 72 kati yake zilikuwa na uzito wa ratili moja ya Kirumi. Dola ya Rumi ya Mashariki, iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, mji ambao sasa ni Istanbul, iliulinda usafi wa dhahabu hiyo kwa muda wa karibu miaka 700. Katika karne ya sita Kosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria, aliandika kwa majivuno kwamba sarafu hiyo ilipokewa na mataifa yote, toka mwisho mmoja wa dunia hadi mwingine. Hata Waarabu walipokwisha kuziteka Shamu na Misri waliendelea kuitumia, mpaka Khalifa Abd al-Malik alipopiga dinari yake mwenyewe karibu na mwaka 697. Sarafu ya shaba ya dola hiyo, ambayo Waarabu waliirithi kwa jina la fulusi, ililivusha jina lake bahari hadi pwani ya Waswahili, ambako asiye na fulusi hali yake yaeleweka bila maelezo.

Katika karne ya kumi na moja wafalme wa Konstantinopoli walianza kuitia dhahabu hiyo madini duni. Sura ya mfalme ilikuwa bado juu ya sarafu na jeshi lilikuwapo, lakini wafanyabiashara waliipima, wakaikunjia uso. Ilipofika miaka ya 1080 dhahabu iliyobaki ndani yake ilikuwa kidogo sana, na mwaka 1092 Mfalme Aleksio wa Kwanza ikambidi apige sarafu mpya. Kumbe amri ya mtoaji haitoshi. Mpokeaji naye ana kauli yake.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na sarafu zake zamani. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, nazo zimeokotwa kwa wingi Kilwa na Mafia. Lakini sarafu hizo hazikuwa fedha ya bara. Unyamwezi ulikuwa na vipimo vyake vya thamani, na viwili kati ya hivyo vilikuwa jembe la chuma na chumvi. Jembe lilifuliwa na wahunzi wa bara, likatolewa mahari, na misafara ya Wanyamwezi iliyoteremka pwani ilichukua majembe ili kuyabadilisha Ugogo njiani. Chumvi ilichemshwa Uvinza, katika chemchemi ambazo wachimbaji wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba zilitumika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtu aliyelipwa jembe aliweza kulima nalo, na aliyelipwa chumvi aliweza kuila. Fedha ya namna hiyo haihitaji sura ya mfalme.

Kwenye karne ya kumi na tisa, biashara ya pembe ilipokuwa kubwa, kilikuja kitambaa. Marekani ilitia sahihi mkataba na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na meli za Salem zikaanza kuleta pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo hata sasa yaitwa merikani. Pamoja nayo ilikuja kaniki kutoka India. Nguo hizo zilipimwa kwa hesabu iliyojulikana njia nzima: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na jora zima huhesabiwa kwa doti zake. Nyaya za shaba zilikwenda pamoja na nguo, na mwishoni zilikuja shanga, ambazo ndizo zenye kisa kirefu.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, mtaa wa kale wa Tabora, mwezi Novemba 1857, alizieleza aina nyingi mno za shanga, kila moja na jina lake na bei yake. Henry Stanley alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871 ili kumtafuta Livingstone, jambo lililomnyima usingizi lilikuwa hilo hilo. Alielezwa kwamba shanga nyeusi zapokewa Ugogo, lakini mahali pengine hazina maana. Kwamba zile kubwa ziitwazo sungomaji ni mali Ujiji na ng'ambo ya ziwa, bali kwingineko zitakataliwa. Kwamba nyeupe zafaa Ufipa, huku Wakonongo wakizidharau. Akikosea uchaguzi, angekuwa na magunia ya mzigo yasiyoweza kumnunulia hata kibaba cha mtama, na wapagazi wake wangekufa njaa. Bwana huyo, aliyetumwa na gazeti tajiri la New York, ilimpasa kuwauliza wafanyabiashara wa Kiarabu ni kitu gani Wagogo wanakipenda mwaka huo. Je, mtu huulizia hivyo matakwa ya mpumbavu?

Ushahidi wa Ujiji una uzito zaidi. Verney Cameron, aliyefika huko mapema mwaka 1874, aliona sokoni shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko. Soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mikoba iliyojaa sofi, ambao walizitoa kwa kubadilishana na shanga nyingine alizokuja nazo mnunuzi. Soko lilipofungwa, watu hao hao walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida kwa pande zote mbili. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na maduka ya kubadilishia fedha za kigeni kwenye viwanja vya ndege. Ujiji ilikuwa nayo kabla Mjerumani hajaweka mguu wake nchini.

Wapo watakaosema kwamba shanga ilikuwa kioo tu, iliyotengenezwa Venisi kwa senti chache, ilhali pembe ilikuwa pembe. Hoja hiyo isipuuzwe. Lakini bei ya kitu hutokana na mahali kilipo. Gunia la shanga lililofika Unyanyembe lilikuwa limebebwa begani kwa miezi mitatu au zaidi, likalipiwa hongo kwa watemi wa njiani, na kunusurika mito na vita. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 70 hivi, naye alikula kila siku na kulipwa. Watemi walilijua hilo vizuri sana. Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871, aliweza kuifunga njia ya Ujiji na kuifanya bei ya pembe ipande hadi Unguja. Wanyamwezi wenyewe ndio waliotangulia kuifungua njia ya pwani, karibu na mwaka 1800. Waarabu walipanda bara baadaye, kwa kuzifuata nyayo hizo.

Dhuluma ilikuwapo, na si ndogo, ila yapasa itajwe mahali pake. Katika njia hiyo hiyo waliteremshwa watumwa, nao walihesabiwa kwa doti na shanga kama pembe. Bunduki na baruti zilizokuja badala ya pembe ziliteketeza vijiji. Tena lipo jambo jingine ambalo vitabu vya shule havilitilii mkazo wa kutosha: jembe na chumvi zilitengenezwa bara, bali merikani na shanga zilitengenezwa ughaibuni. Mtu wa Unyanyembe aliweza kuchagua rangi ya fedha yake, aliweza pia kuikataa, lakini hakuweza kuifanya. Wafumaji wa pamba waliokuwapo Unyamwezi na Ufipa walizidiwa pole pole na jora za kigeni. Huo ndio udhaifu wa kweli, nao hauhusiani na ujinga.

Halafu ikaja fedha ambayo wenyeji hawakuifanya wala hawakuichagua. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba mwaka 1890, kisha rupia. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyezoea kuwatoza kodi wafanyabiashara, alizingirwa ndani ya boma lake Januari 1893 na akajilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Kuanzia mwaka 1898 ilidaiwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Hapo mambo yalipinduka. Zamani mfanyabiashara ndiye aliyehangaika kutafuta fedha atakayoipenda mwenyeji. Sasa mwenyeji ndiye aliyehangaika kutafuta fedha aliyoitaka serikali. Vijana wa Unyamwezi walikwenda kuitafuta katika mashamba ya Usambara na Tanga. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilichukua kazi ya kutoa fedha mikononi mwa kampuni na kuigawa rupia katika hela 100.

Ajabu ni kwamba fedha hiyo ya amri ilikuja kushindwa Tabora, katika kitovu cha njia ile ya kale. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika hapo mwaka 1912. Vita vilipoanza mwaka 1914 manowari za Kiingereza ziliifunga pwani, sarafu zikaacha kuja, na serikali ikahamia Tabora. Zikachapwa noti za muda humu humu nchini. Watu wakaficha rupia zao za fedha nyeupe na kuzitazama noti hizo kwa wasiwasi, kama vile wafanyabiashara wa karne ya kumi na moja walivyoitazama dhahabu iliyochanganywa. Gavana alikuwa na askari na bunduki. Hata hivyo, mwaka 1916 ilibidi karakana ya reli ya Tabora igeuzwe kiwanda cha sarafu. Kwa mabaki ya shaba zilipigwa sarafu za hela 5 na hela 20, hizi za pili zaidi ya milioni moja. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke zilipigwa sarafu 16,198 za rupia 15, zenye sura ya ndovu mbele ya mlima, na chini yake herufi T ya Tabora. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini. Mwenye noti za muda alibaki na karatasi ambayo aliyeahidi kuilipa alikuwa amekwisha kukimbilia kusini.

Baada ya hapo shilingi ya Kiingereza ilichukua nafasi ya rupia, na Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa shilingi ya nchi. Neno hela lakini halikuondoka na Wajerumani. Latumika sokoni na ofisini, pamoja na fulusi ya Warumi na pesa ya Wahindi, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba sarafu za jina hilo zilipata kupigwa katika karakana ya reli ya Tabora.

Mwalimu wa historia aliye Tabora anayo nyumba ya Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, umbali mfupi kutoka mjini, na wanafunzi wanaweza kupelekwa huko bila gharama kubwa. Mwalimu wa hesabu naye anaweza kuwapa swali la doti, shuka na jora: mpagazi amelipwa kiasi gani, mtemi amedai hongo ya kiasi gani, na ni nini kilichobaki cha kununulia chakula mpaka Ujiji. Hesabu hizo wazee walizifanya vichwani, na makosa ndani yake yalimaanisha njaa njiani. Watungaji wa mitihani nao wangefanya vyema kuliondoa lile swali la zamani la “bidhaa duni zilizoletwa na wageni” na kuuliza badala yake ni kwa nini shanga nyeusi ilipokewa Ugogo na kukataliwa Ujiji.